Mshenga wa Vyeti Viwili

Nyumba ya Severini, mtaa wa Sogea hapa Tunduma, ilikuwa na binti mmoja na posa mbili, na ajabu yake ni kwamba posa zote mbili zilikuwa za kompyuta. Wachumba wenyewe hawakuwa na miguu wala ndevu. Mmoja aliitwa cheti cha mtandao, mwingine cheti cha seva. Lakini kelele walizozusha mle ndani zilitosha kabisa kuwa za wachumba wenye ng'ombe.

Binti huyo ni Conjesta. Alikuwa na stashahada ya kompyuta kutoka chuo kimoja cha Mbeya, na tangu aipate alikuwa akijitolea katika kampuni ya uwakala wa forodha iitwayo Nyota Tatu, jirani na maegesho ya malori. Kujitolea ni neno la heshima tu. Kazi yake ilikuwa kuweka karatasi kwenye printa, kuwakumbusha watu nywila zao na kuagiza chai. Meneja, jina lake Lusajo, akipata wageni alimtambulisha hivi: "Na huyu ndiye binti wa printa." Wageni walicheka, naye alicheka pia, maana sinia la chai lilikuwa mikononi mwake na hakuwa na pa kulitua.

Ndipo asubuhi ya Jumatatu moja ya masika Lusajo akamwita.

"Conje, mwezi wa saba tunafungua ofisi mpya kule Mpemba. Nitahitaji mtu wa mtandao, wa kufunga nyaya na antena na kuzikimbilia zikikatika. Nitahitaji pia mtu wa seva, wa kukaa na ile mashine kubwa, kuwapa watu akaunti na kutunza kazi zao zisipotee. Nafasi moja naweza kukupa wewe. Ila nataka cheti cha kimataifa, si hiki cha chuo. Ijumaa saa kumi uje unionyeshe umejisajili mtihani upi. Usipokuja, wote wawili nawatoa Mbeya."

"Nichague upi, bosi?"

"Aa! Sasa nikuchagulie mume?"

Fedha ilikuwepo, ila ya mtihani mmoja. Ilikuwa ya kahawa ya msimu uliopita kutoka shamba lao la Isansa, ile iliyosalia baada ya kununua bati, na Severini aliiweka mahali ambapo hata mkewe alijifanya hapajui. Mitihani yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Kila mmoja ulitaka miezi ya kusoma, na aliyesomea huu hakuwa amesomea ule. Kuchagua vibaya kulikuwa na maana ya kusubiri kahawa nyingine, na kubaki binti wa printa.

Severini alikuwa mlinzi mkuu katika maegesho ya malori, na moyo wake ulikuwa kwa mtandao. Aliwahi kumwona fundi akipanda mnara na kofia ngumu na mabuti, na madereva wote wa Kongo wakimtazama kutoka chini kana kwamba ndiye anayeshikilia mvua. "Mchagua jembe si mkulima," alisema. "Achukue mtandao tumalize."

Mkewe Yudita, muuza mchele, hakutaka kusikia. "Binti yangu apande nguzo, watu wamtazame kutoka chini? Wanatazama nini huko? Achukue seva. Akae ofisini penye ubaridi, na kucha zake."

"Kucha zinalipa?"

"Na mnara unazaa wajukuu?"

Ilikuwa hivyo asubuhi na jioni. Majirani nao hawakukosa la kusema. Mmoja alisikia sasa hivi watu wote wamehamia kwenye usalama wa kompyuta. Mwingine alikuwa na mpwa wake Dodoma aliyesema kila kitu kimepelekwa kwenye wingu la intaneti, hivyo nyaya na seva vyote ni habari za zamani. Conjesta alimsikiliza kila mtu, akaitikia, akanyamaza. Usiku aliangalia video za wataalamu kwenye simu, na kila video ilimpa cheti kipya cha kutamani.

Ukweli, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba aliogopa. Alikuwa akingoja wamchagulie. Mambo yakiharibika, kosa liwe la aliyechagua, na yeye abaki mtoto mtiifu aliyeponzwa na wazazi wake. Alijua si jambo zuri, na lilimuumiza, lakini aliendelea kungoja.

*

Jumanne shangazi Fides akatua kutoka Isansa na mkungu wa ndizi na sauti yake. Ni dada mkubwa wa Severini, na kwa ukoo wao hapakuwa na ndoa iliyofungwa bila yeye kwenda kwanza kuichunguza nyumba ya mwanamume. Alikwenda bila taarifa, akaomba maji ya kunywa, akaangalia yanaletwa na nani na kwa kikombe gani. Akirudi alisema "ndiyo" au "hapana," na mara nyingi alikuwa sahihi, isipokuwa kwa mume wake mwenyewe.

Alisikiliza ugomvi wa kaka na wifi mpaka chai ikapoa.

"Sasa nyie," alisema, "mnamwoza mtoto kwa watu ambao hamjafika kwao?"

"Dada, hivi ni vyeti," Severini alisema.

"Ataamka navyo kila siku mpaka azeeke?"

"Ndiyo."

"Basi ni mume. Nani hapa Tunduma anacho hicho cha mtandao? Nani anacho cha seva? Nipelekeni nikaombe maji."

Yudita akacheka mpaka akashika ukuta. Severini alikuna kichwa. Conjesta alitaka kuzama ardhini, lakini jina la kwanza alilijua: Ayoub, fundi wa kampuni ndogo ya intaneti, anakaa mtaa wa Mwaka. La pili pia: dada Rosemary, anayesimamia seva za chama kimoja cha akiba na mikopo kule Vwawa. Akayataja kwa sauti ndogo.

*

Shangazi na Conjesta walifika kwa Ayoub jioni ileile. Mwenyewe alikuwa amerudi punde, ana matope hadi magotini, amekaa kwenye kigoda akimsimulia mkewe, Lusungu, jinsi ng'ombe wa huko Ivuna walivyojikuna kwenye nguzo yake mpaka antena ikageuka kuangalia ziwa. Alisimulia kwa mikono yote miwili. Lusungu alishakwisha kucheka lakini alikuwa anacheka tena.

"Shikamoo mama. Karibuni. Mna shida ya intaneti?"

"Marahaba. Nina shida ya maji ya kunywa," shangazi alisema.

Maji yaliletwa na Lusungu, kwa bilauri iliyofunikwa sahani. Shangazi aliitikia kidogo kwa kichwa, alama ya kwanza nzuri. Kisha akamgeukia Ayoub kama anayemhoji baba mkwe.

"Hii kazi yako, ikikasirika inakuwaje?"

Ayoub alimtazama Conjesta kuomba msaada. Conjesta alitazama chini.

"Jibu baba. Kila mtu ni mzuri akiwa ameshiba. Mimi nauliza akiwa na hasira."

"Mama, ikikasirika inatukana," Ayoub alisema. "Mtandao ukikatika watu hawaulizi nani kakata. Wanamtukana anayefika. Mvua inanyesha, njia ya Msangano haipitiki, simu inaita, unaambiwa mwizi. Na simu yenyewe huku mpakani ikidaka mnara wa Zambia saa inarudi nyuma, unachelewa, unatukanwa upya."

"Na wewe unafanyaje?"

"Nacheka nikifika nyumbani."

"Anacheka mpaka usingizini," Lusungu alisema.

Wakati wa kuaga, Lusungu alimletea shangazi kuku, koo mweusi mwenye kishungi, mzito. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa ukoo wao anayechunguza nyumba hapokei kitu. Akipokea, amekubali, na hakuna kurudi nyuma. Shangazi alilijua hilo kuliko kanisa linavyojua amri kumi. Lakini yule kuku alikuwa kuku. Mikono yake ilimfikia kabla akili haijafika, na njia nzima alimficha ndani ya kitenge akijifanya ana kikohozi kila kuku alipolia.

*

Kesho yake walikwenda Vwawa. Dada Rosemary aliwapokea katika chumba chenye ubaridi, kapeti, na mashine zilizopangwa kabatini zikiwaka vitaa vya kijani. Maji aliyachota mwenyewe kwenye mtungi wa ofisi. Hakuwa na haraka. Aliwaonyesha jinsi anavyoweza kumfungulia mtu aliyeko Mlowo kompyuta yake bila kuinuka kitini, na Conjesta aliona kwamba alikuwa anaipenda kazi ile kwa dhati, kimyakimya, kama mtu anavyopenda bustani yake.

"Na ikikasirika?" shangazi aliuliza, sasa akiwa mzoefu.

Rosemary alifikiri. "Haikasiriki, mama. Inanuna. Kila kitu kikienda sawa, watu wanauliza huyu analipwa kwa kazi gani. Kikiharibika, kila mtu anakwambia hajagusa kitu. Wote wanadanganya. Wewe unakaa humu peke yako na kutafuta nani aligusa. Mimi naweza. Nilizaliwa peke yangu kwetu, nimezoea kimya."

Wakiwa njiani kurudi shangazi alimwuliza Conjesta, "Umewaonaje?"

"Wote wazuri, shangazi."

"Wote wazuri ni jibu la mtu anayetaka kuachiwa mabaki," shangazi alisema, akageukia dirishani. Conjesta alijisikia vibaya hadi Tunduma.

*

Alhamisi alfajiri kuku alitaga chini ya kitanda cha wageni na kulitangaza yai lake kwa nyumba nzima. Severini akaja mlangoni na suruali mkononi.

"Dada! Kuku wa nani huyu?"

Shangazi akasema ukweli, maana kuku alishausema.

"Umepokea! Kwa mtu wa mtandao! Basi imekwisha!" Severini alimkumbatia dada yake, kisha kuku. Yudita akaketi jikoni akapepeta mchele wake kwa kishindo.

Jioni ile jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali nyumbani kwao. Baada ya sala ya mwisho Severini akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba binti yake, kwa neema ya Mungu, amechagua kuwa mhandisi wa mtandao, na kesho anajisajili. Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza kama sasa ataweza kumtengenezea king'amuzi chake, maana kinaonyesha chaneli za kulipia kisha kinajutia. Watu wakacheka. Mwingine akasema afadhali, maana binti wa watu ameweka karatasi kwenye printa mpaka mikono imekuwa myeupe. Wakacheka zaidi.

Conjesta alikuwa amesimama na sinia la chai. Ndilo sinia lililomshitua. Ofisini sinia, nyumbani sinia, na sasa anaozwa akiwa na sinia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Conjesta ulianza kwa kuliweka lile sinia juu ya meza, polepole, mbele ya katekista.

"Baba, sijachagua."

"Kuku amepokelewa, mwanangu."

"Amepokelewa na shangazi. Kwa desturi yetu binti huulizwa mbele ya watu kama mali ipokelewe. Mimi nani kaniuliza?"

Severini alikaa chini. Alikuwa ameaibika, mzee wa watu, mbele ya jumuiya yake, na Conjesta alimhurumia palepale. Lakini hakurudi nyuma.

"Kesho asubuhi namrudisha kuku. Halafu mniulize. Naomba mniulize vizuri."

"Na ukisema seva?" Yudita alidakia, macho yakiwaka.

"Mama, na wewe usinichagulie."

Shangazi Fides peke yake ndiye aliyetabasamu, na alitabasamu huku akiinama ili kaka yake asimwone.

*

Ijumaa asubuhi Conjesta alivaa sketi yake ya kanisani, kwa kuwa kurudisha kuku ni ujumbe wa heshima, akamtia kuku kwenye kikapu na yai lake, akaenda Mwaka. Alimkuta Ayoub anapakia mashine kwenye pikipiki, ameandamwa na simu.

"Dada, kuku baadaye! Waya wa faiba umekatika. Jengo zima la mawakala halina mtandao, malori yamesimama mpaka kule. Msaidizi wangu amekwama Kamsamba. Unaweza kushika taa?"

Conjesta alitaka kusema amekuja kwa ujumbe wa heshima. Akajikuta amepanda, kikapu mapajani.

Jengo lile la mawakala lilikuwa linachemka. Watu walisimama ngazini na simu juu, na mwanamume mmoja mnene wa miwani aliwaona akaanza kabla hawajashuka: "Hawa ndio wezi wenyewe! Mzigo wangu wa Lubumbashi umesimama kwa ajili yenu! Na wewe dada na kuku wako, ndiyo mtaalamu? Siku hizi intaneti inarekebishwa kwa kuku?"

Watu wakaangua kicheko. Conjesta akangoja aibu impande, kama ile ya printa. Haikupanda. Badala yake alihisi kicheko kinamjia kooni, kwa sababu kwa kweli alikuwa amesimama pale na kuku.

"Kaka, huyu ni wa akiba," alisema. "Tukishindwa tunakuchinjia."

Hata yule mnene alicheka bila kupenda.

Ayoub alipachika kwenye ncha ya waya kalamu yenye taa nyekundu, ili mwanga wake upite hadi ulipokatika, akabaki ndani akipima. Alimwambia Conjesta afuate njia ya waya, atafute mahali udongo umefukuliwa. Alimwachia kikapu, akafuata. Alipita nyuma ya maduka, akaruka mtaro, akateleza, akainuka na sketi ya kanisani imekuwa ya rangi mbili. Alikumbuka alichosoma chuoni, kwamba waya haukatiki wenyewe, akaanza kuwauliza watu nani amechimba. Akaelekezwa nyuma ya baa moja, kwa mzee mmoja, Fanuel, aliyekuwa ndani ya shimo la choo hadi kifuani.

"Shikamoo baba. Hukukuta waya humu?"

"Marahaba. Nimeukuta, mama. Jembe liliugonga kwa bahati mbaya. Lakini usihofu, nimeshaurekebisha."

Akamwonyesha kwa fahari. Alikuwa amezifunga zile ncha mbili kwa fundo, fundo zuri kabisa la kufungia ng'ombe, kisha akalizungushia mfuko wa nailoni ili umeme usimwagike. Kati ya nailoni na fundo ile taa nyekundu ilikuwa inamulika, ndogo, thabiti, imetoka jengoni hadi shimoni.

Conjesta aliketi ukingoni mwa shimo akacheka mpaka machozi. Mzee Fanuel naye akacheka, bila kujua kwa nini. Kisha Conjesta akampigia Ayoub, akampigia tena, na alipokuja akamshikia mwavuli na ile mashine ya kuunganishia, akitazama nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zikishikana moja baada ya nyingine. Waliporudi jengoni watu walikuwa tayari wamerudi kwenye kompyuta zao. Hakuna aliyewashukuru. Yule mnene alipita mbio na makaratasi yake, akasema tu, "Mmechelewa."

"Unaona?" Ayoub alisema.

"Nimeona," alisema Conjesta, na alitamani kumsimulia mtu lile fundo kabla halijapoa.

Waliporudi Mwaka, Lusungu alikataa katakata kumpokea kuku. Alisema kwao pia kuna desturi: kuku akishataga kwa watu, ni wa watu hao.

*

Alirudi nyumbani mchana. Yudita alimwona kwanza. Aliitazama sketi, akaitazama miguu, akautazama uso wa binti yake ambao haukuwa hivyo tangu amalize chuo, na moyo wake ukajua kabla masikio hayajaambiwa. Alikumbuka ubaridi wa ofisi na zile kucha, akaviaga.

Severini alikuwa ameketi na fedha ya kahawa ndani ya bahasha, amevaa koti. Hakulala vizuri. Alimwona kuku.

"Hukumrudisha?"

"Wamemkataa, baba. Lakini nilimpeleka."

Severini alimtazama dada yake. Shangazi akanyanyua kidevu, kana kwamba anasema, haya, fanya kazi yako. Severini akasimama, akafunga kifungo cha koti, na sauti yake ikatetemeka kama vile kweli kulikuwa na wageni wamekaa pale sebuleni na mahari yao.

"Mwanangu Conjesta. Wamekuja wageni wawili. Mmoja wa mtandao, mmoja wa seva. Mimi baba yako sina neno. Unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Tumpokee nani?"

"Wa mtandao."

Severini alitaka kurukaruka, akajizuia, maana alikuwa amejifunza tangu jana. Akauliza swali ambalo halikuwa lake. "Kwa nini, mwanangu? Si kwa ajili yangu?"

"Hapana, baba. Nimemwona akiwa na hasira. Amenitukana mbele za watu, amenitia matope, na sikupewa hata asante." Tabasamu likamtoroka. "Na njia nzima nilikuwa nawahi nije niwasimulie."

Kisha Yudita akaingia chumbani, akatoka na mkoba wake na khanga begani.

"Wewe unakwenda wapi tena?" Severini aliuliza.

"Navuka mpaka, naenda Nakonde. Mabuti ya mvua kule ni imara." Alisimama mbele ya binti yake, akainama, akampima mguu kwa shubiri yake, matope na yote. "Na wewe oga haraka ukajisajili, bosi anakungoja saa kumi. Lakini kwanza tusimulie hilo lililokuchekesha."

Conjesta akavuta kigoda, akaketi, akainua mikono yote miwili.